Siku Kipimo cha Mionzi Kilipolia Yadini

Wanangu, mtu akiwaambia kuosha gari ni kazi ya maji na sabuni, mpeni ndoo, kaeni pembeni, mmcheke. Maji ndiyo adui wa kwanza. Gari iliyotoka Japani imekaa melini muda mrefu, vioo vimefungwa, hewa imelala ndani. Ukiimwagia maji kwenye viti, baada ya siku chache itanuka kama soksi za mhubiri aliyerudi safari. Anza na kitambaa kikavu, fuata na chenye unyevu, maliza na kikavu tena. Harufu ya sigara iondoe kwa siki na maji kidogo, usiifukuze kwa manukato. Deo, dereva wetu Mrundi, aliwahi kunyunyiza pafyumu ya mke wake ndani ya gari nzima, akijiona mtaalamu. Mteja akaiendesha hadi Lubumbashi. Alipofika nyumbani, mkewe alimnusa kola ya shati, akamwambia arudi huko huko alikotoka.

Mimi ni Mama Bahati, mzaliwa wa Bukavu. Nimeosha magari kwenye yadi moja karibu na bandari ya Durban mpaka magoti yakakataa. Siku hizi nakaa mtaa wa Point, ghorofa ya tatu, na asubuhi nawaona mkipita na overoli zenu za bluu, simu mkononi, hamsalimii mtu. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mmoja wenu aliniuliza huku anacheka: "Mama, eti kweli ulikula chakula na mtu wa nyuklia?" Nikamjibu ndiyo, tena alikula sombe yangu, ile ya majani ya muhogo, akaomba kuongezewa. Akaniangalia kama anatafuta mkia. Sasa nyamazeni niwaeleze.

Kwanza mjue yadi yetu ilikuwaje. Gari zetu zilikuwa zimetumika Japani. Zilishuka Durban lakini hazikuruhusiwa kukaa Afrika Kusini. Zinapita tu kwenda Zambia, Kongo, Malawi na kwingineko. Deo alipenda kusema gari zile ni ndugu zetu: ziko Durban, ila karatasi zinasema ziko njiani. Mwenye yadi alikuwa Mhindi wa hapa hapa, mzee wa kanisa la kipentekoste, na sote tulimwita Uncle. Swahili yake alijifunza kwetu, ndiyo maana ilikuwa na matusi ya Bukavu ambayo yeye alidhani ni maamkizi.

Kazi yangu ilikuwa ndani ya gari. Wengine walipenda nje, kwenye povu na mashine ya maji, wapita njia wakiwaona. Mimi nilipenda ndani, kwa sababu ndani kuna watu. Chini ya viti nilikuta peremende za kijani zenye ladha ya majani, mwavuli wa mtoto, kandambili moja, hirizi ndogo za kitambaa walizoning'iniza karibu na kioo ili wasipate ajali. Hirizi hizo Uncle aliamuru zitupwe. Sisi tukazitupa, lakini kwa heshima, maana huwezi kujua. Ukiosha gari ya mtu unamjua. Huyu anavuta sigara akimficha mkewe. Huyu ana mbwa mweupe. Huyu analia garini, tishu zimejaa mlangoni upande wa dereva.

Habari ya msiba wa Japani ilinikuta mjini, kwenye saluni ya dada mmoja Mkongomani, nywele zangu zimesukwa nusu. Televisheni ilikuwa juu ya kioo. Tuliona maji meusi yakitembea juu ya mashamba, hayana haraka, kama mtu mwenye uhakika kwamba mlango utafunguliwa. Yalibeba nyumba. Yalibeba meli zikapita juu ya barabara. Halafu yakabeba magari, na hapo mimi nikasimama na kitana kichwani. Zile zilikuwa gari zangu! Aina ile ile, rangi zile zile, nyeupe, fedha, nyeupe. Nilivijua viti vyake, nilijua mahali peremende hudondokea. Yule dada akaniambia, "Mama, kaa, nywele zitapotoka." Nikamwambia, "Iko watu ndani mule."

Tetemeko sisi wa Bukavu tunalijua. Unalala, kitanda kinatembea, unatoka nje na blanketi, unakuta jirani naye yuko nje bila blanketi, na mnakubaliana kutokulizungumza kamwe. Lakini la Japani lilikuwa na watoto wawili: wimbi, na baada ya wimbi, mtambo wa nyuklia ulioharibika kando ya bahari, mkoa wa Fukushima. Maji tuliyaelewa. Mionzi hatukuielewa. Haina harufu, haina rangi, huwezi kuifuta na kitambaa ukaona kitambaa kimechafuka. Kwa mtu wa kazi yangu, hilo lilikuwa tusi.

Uvumi ulianza kwenye vibanda vya simu mjini ukatembea kwa taxi mpaka bandarini. Eti ukikaa kwenye gari ya Japani unaota upara. Eti kuna mtu Ndola aliwasha gari usiku bila taa, ikamulika yenyewe. Wateja wakaacha kuja. Waliokuja walizunguka gari kwa mbali kama mtu anayezunguka ng'ombe mkali. Ikaja meli. Deo akakataa kushusha gari.

Uncle akamwambia, "Deo, meli hii iliondoka Japani kabla ya tetemeko. Ilikuwa baharini tayari!"

Deo akafikiri. "Uncle, mionzi inakimbia kuliko meli."

"Sasa kama inakimbia hivyo, si imeshafika Durban? Si umeshaivuta?"

Deo alikwenda kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akashika kifua, akakaa pale mpaka chai.

Uncle aliona yadi inakufa mikononi mwake, na sisi tuliona vibarua vyetu vinakufa mikononi mwa Uncle. Basi akaagiza kipimo cha mionzi, kidude cha njano ukubwa wa simu za zamani. Kilikuja bila maelezo, au na maelezo ya lugha isiyosomeka. Akamkabidhi Deo kwa sababu ndiye aliyeogopa zaidi. Alisema mwoga hasinzii kazini, na kwa hilo sikuweza kumpinga. Deo alikipitisha juu ya kila gari kama padri mwenye chetezo. Kikawa kimya. Akakipitisha juu ya ndizi zangu, juu ya choo, juu ya kichwa cha mlinzi. Kimya. Tukaanza kupumua. Wateja wawili walirudi.

Ndipo akaja bwana Endo.

Kampuni ya huko Japani iliyotuletea gari ilimtuma aje kuwatuliza wateja. Alikuwa mtu mwembamba, makamo, suti ya kijivu katika joto la Durban, jasho linamtiririka na yeye anajifanya halioni. Uncle alimtambulisha vizuri, halafu akakosea kwa kuongeza, "Bwana Endo ni mwenyeji wa Fukushima."

Endo akanyoosha mkono.

Wanangu, sijawahi kuona mkono ukikaa hewani vile. Uncle mwenyewe, ambaye tangu kuokoka hakuwahi kusalimia kwa namna ya mababu zake, ghafla alikunja viganja kifuani akainama. Deo alipiga saluti ya kijeshi. Mlinzi alikumbuka lango. Mimi nilikuwa na sponji linalodondoka mkono mmoja na chupa ya siki mkono wa pili, na kabla sijapata pa kuviweka, Endo alikuwa amesharudisha mkono wake, akainama kama wafanyavyo kwao, akatuinamia sote, hata ndoo. Alitusitiri, yule mtu. Tulijidai kwamba tulikuwa tunangojea hivyo.

Kesho yake nilikuwa ndani ya basi dogo la abiria, nimeingiza kichwa chini ya kiti cha mwisho, mashine ya kuvuta vumbi inanguruma, miguu yangu tu iko nje. Kumbukeni hilo, kwa sababu baadaye watu walisema Mama Bahati ni shujaa. Shujaa gani? Sikusikia kitu.

Kilichotokea nilisimuliwa. Endo alikuwa amesimama katikati ya yadi akikagua gari. Deo akamnyatia kwa nyuma na kile kipimo cha njano. Akakisogeza mgongoni pake. Kikalia: pii! Deo akarudi hatua, akajaribu tena. Pii! Pii! Deo akapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye robot, zile taa za barabara kuu, akatupa kipimo chini, akakimbia. Waliokuwa kwenye povu wakakimbia na povu lao. Uncle alitoka ofisini kuuliza kuna nini, hakungoja jibu, akawapita vijana wote kwa mbio, na yeye ni mgonjwa wa kisukari. Mlinzi alitoka wa mwisho, akafunga lango kwa kufuli kutoka nje, ili sumu isitoke.

Mimi nikazima mashine yangu, nikajivuta kinyumenyume, nikasimama, nikanyoosha kiuno. Yadi tupu. Mpira wa maji unamwaga peke yake. Katikati amesimama Endo, amekishika kile kidude.

"Wako wapi?" nikauliza. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu kilikuwa kibovu, kwa hiyo tulielewana vizuri.

"Wamekimbia."

"Nani anawafukuza?"

Alifikiri kidogo. "Mimi."

Nikatazama lango, nikaona macho ya Deo kwenye upenyo. "Mama Bahati!" akaita. "Toka pale! Mashine imelia juu yake! Mtu yule iko na mionzi!"

Endo akageuza kidude, akafungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha, akanionyesha. Akasema neno moja, taratibu, kama mwalimu aliyechoka: "Betri."

Betri ilikuwa inakwisha. Ndivyo kinavyolia kikiwa na njaa.

Nilianza kucheka. Nilicheka nikashika mlango wa gari. Halafu nikamtazama, nikaona hacheki. Aliweka kile kidude juu ya boneti polepole, akavua koti, akalikunja vizuri, akachukua kitambaa changu na kuanza kufuta dashibodi ya basi dogo. Alifuta mahali pamoja tu, pamoja tu, pamoja tu. Mtu akifuta hivyo, wanangu, hafuti vumbi.

Nikamwambia, "Hapo umeshamaliza. Njoo tule."

Tulikaa kwenye kivuli cha basi lile. Nilikuwa na ugali na sombe ndani ya sahani ya plastiki. Nilimwonyesha namna ya kumega na kubonyeza shimo kwa kidole gumba. Tonge la kwanza lilimwangukia kwenye tai. La pili likafika. Akala. Ndipo akazungumza, akitazama chakula, si mimi.

Siku ya tetemeko yeye alikuwa kazini, mbali, karibu na Tokyo. Mke wake, binti yao na baba yake mzee walikuwa nyumbani, mji mdogo usio mbali na mtambo. Nyumba yao ilikuwa mlimani, wimbi halikuifika. Walishukuru. Kesho yake wakaambiwa watoke, mtambo una shida. Mke wake aliondoka na kandambili za nyumbani na mkoba wa mkononi, akaacha mchele umelowekwa, kwa sababu alijua watarudi jioni. Hawakurudi. Baba yake akahamishwa ukumbi mmoja hadi mwingine, akalala kwenye sakafu ya shule, akapelekwa mkoa mwingine, na katikati ya kuhamishwa huko akachoka akafa.

"Mionzi?" nikauliza.

"Hapana. Kuhama," akasema. "Wazee wengi, kuhama."

Na binti yao alipoanza shule mpya, watoto wenzake walisogeza madawati. Walimwambia atawaambukiza. Endo alinionyesha kwa mikono yake miwili madawati yanavyosogea, kidogo, kidogo.

Nilipofika Durban, mimi na mwanangu Bahati mgongoni, niliingia kwenye taxi nikamwambia konda ninakokwenda, na lafudhi yangu ilipotoka tu, mama mmoja alivuta sketi yake isiguse yangu. Nikamweleza Endo hivyo, kwa mikono zaidi kuliko maneno. Nikajigusa kifua: "Refugee," yaani mkimbizi. Akajigusa kifua chake chenye sombe kwenye tai. "Refugee," akasema, kama mtu anayejaribu kiatu.

Kisha akaomba kuongezewa.

Waliokuwa nje waliona nimekula naye na bado sifi. Njaa nayo ilikuwa inawauma, vyakula vyao viko ndani. Mlinzi alipotaka kufungua, akakuta ufunguo ameuacha mezani, ndani, kwa hiyo mzee mzima Uncle, baba wa kanisa, alipitishwa juu ya uzio akisukumwa makalio na vijana wawili. Alianguka upande wetu, akajifuta, akasema, "Sharp, kila kitu safi." Endo akamwonyesha betri. Uncle akafumba macho. Nadhani aliomba. Kisha akawarushia wa nje ufunguo, wakaingia.

Alasiri ile ndipo tuliposoma. Deo aliuliza kutoka mbali: "Lakini kwa nini ardhi inafanya hivyo?" Endo akachukua makapeti mawili ya mpira ya gari, akayalaza kwenye dimbwi la maji ya kuoshea. Hili ni sakafu ya bahari, hili ni nchi ya Japani. Akalisukuma la kwanza liingie chini ya la pili, polepole. Lile la juu likanasa, ukingo wake ukavutwa chini, ukajikunja. "Miaka mingi, mingi," akasema. Akaendelea kusukuma. Ghafla ukingo ukachomoka, ukafyatuka juu, na maji yote ya dimbwi yakaruka kwenye viatu vya Uncle.

"Tsunami," akasema Endo, akamwinamia Uncle kuomba radhi.

Na mtambo? Akauliza nani anapika maharage. Wote walinionyesha mimi. Akasema: ukiitoa sufuria motoni, maharage yanaacha kuchemka papo hapo? Nikasema hapana, yanaendelea. Basi, mtambo ule tetemeko lilipoanza ulijizima wenyewe, vizuri kabisa. Lakini moyo wake ulibaki na joto kali, na joto hilo halipungui kwa saa moja wala kwa siku moja. Lazima maji yapite, yapite, yapite. Maji yanasukumwa na pampu, pampu inataka umeme. Nguzo za umeme zilianguka. Jenereta za akiba ziliwekwa chini, na bahari ikaruka ukuta ikazizamisha. Bila maji, moyo ukayeyuka, gesi ikakusanyika, majengo yakalipuka, vumbi lenye mionzi likaenda na upepo.

"Kwa hiyo ni jenereta kuwekwa chini," akasema Deo, ambaye sasa alikuwa amesogea mpaka kwenye dimbwi. "Eish! Watu wote wenye akili vile?"

"Walikuwepo waliosema wimbi linaweza kuwa kubwa," akajibu Endo. "Walisema. Wakubwa wakawajibu: baadaye."

Neno lile "baadaye" sisi wa Kongo tunalijua bila mkalimani.

Akatueleza pia kwamba gari hupimwa bandarini kwao kabla ya kupandishwa, na zilizokutwa na vumbi lile zinazuiwa. Wateja wakaanza kurudi, mmoja mmoja. Vibarua vikapona. Lakini nililotaka mlijue si hilo. Jioni ile, Endo akiondoka kwenda kwenye nyumba ya wageni mtaa wa Morningside, Deo alimfuata mpaka kwenye mlango wa taxi. Alisimama. Akapangusa kiganja chake kwenye suruali mara nyingi, utadhani yeye ndiye mwenye uchafu. Akakitoa. Endo akakishika kwa mikono miwili, na Deo akaongeza wa pili, na wakabaki wamefungana hivyo, hawajui nani aachie kwanza, mpaka dereva wa taxi akapiga honi.

Endo aliendelea kuja kila mwaka, na kila mwaka alidai sombe. Safari moja alitusimulia kwamba wenyeji waliruhusiwa kuingia mjini mwao kwa muda mfupi, kuchukua kitu kidogo. Mke wake hakutaka dhahabu wala nguo. Alitaka albamu ya picha za harusi, iko kwenye rafu ya jikoni, kitabu chenye jalada jeupe. Tangu waondoke, alisema Endo, mke wake alikuwa anapika, anafua, anajibu akiulizwa, lakini alikuwa kama redio iliyozimwa.

Wakamvika Endo mavazi meupe ya kumfunika mwili mzima, glavu moja juu ya nyingine, barakoa, miwani. Akaingia nyumbani kwake kama mwizi wa mwezini. Panya walikuwa wamefanya sherehe. Mchele aliouloweka mkewe umekuwa kitu ambacho hakutaka kutueleza. Miwani ikajaa mvuke wa pumzi yake mwenyewe, hakuona kitu, na nje walikuwa wanamwita muda umekwisha. Akapapasa rafu, akagusa kitabu, kina jalada jeupe. Akakikumbatia, akatoka mbio. Wakakipima, kikapita. Akakibeba kwenye treni juu ya mapaja yake, njia nzima, hakukifungua, kwa sababu alitaka wakifungue pamoja.

Mke wake aliketi sakafuni, akaifunika meza kitambaa kisafi. Akamwita binti yao. Akafungua ukurasa wa kwanza.

Kilikuwa kitabu cha maelekezo ya sufuria ya umeme ya kupikia wali.

Uncle alivua miwani. Mimi nikauliza, "Akasema nini?"

"Hakusema," alijibu Endo. "Aligeuza ukurasa. Akaniangalia mimi, akaangalia kitabu. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nikafikiri analia." Hapa Endo mwenyewe alianza kutikisika, akashindwa kuendelea, akajifuta macho kwa tai. "Mama, alicheka! Alicheka mpaka akalala chini. Binti yetu akacheka. Jirani akagonga ukuta tunyamaze, wakacheka zaidi."

Deo akauliza kama kile kitabu walikitupa.

"Kutupa?" akasema Endo. "Kiko sebuleni. Wageni wakija, mke wangu anawaonyesha harusi yetu."